Daftari la Nyumbani

 

Mhariri ametutaka kwa wiki hii moja tuyaache masuala ya udhu na hesabu za Zaka, tuandike juu ya maisha ya kawaida ya nyumbani, yale ayakumbukayo mtu mzima mwenye mke na watoto akikaa akavuta fikira. Tumemkubalia. Ila tulimwonya mapema kwamba mtu wa kazi yetu akianza kusimulia habari za nyumba, hata aanzie jikoni, mwishowe huingia katika mirathi. Alicheka, akasema tuandike tu.

Sisi ni watu wa Likoni. Jamaa zetu wa Kisauni wana daraja la Nyali tangu 1980, na wa Changamwe hupita Makupa. Sisi tuna maji. Kwa hivyo mtu wa Likoni haihesabu siku yake kwa saa peke yake, huihesabu kwa feri. Mke akiulizwa mumewe atarudi lini hajibu kuwa ni saa kumi na mbili. Hujibu, "Kama feri ni tatu atawahi Magharibi, kama ni moja tumngoje Isha." Chakula cha usiku hupikwa kwa habari za gatini, na watoto wetu walijua kusikiliza honi kabla ya kujua kusoma saa.

Kwetu mtu huamka kabla ya Alfajiri kwa sababu mbili, Swala na foleni. Mwenzetu wa nyumbani huwa amekwisha kukanda unga wa mahamri tangu usiku, na mtu akitoka msikitini huikuta harufu ya iliki imemtangulia njiani. Mahamri hayo si yetu peke yetu. Majirani huja na sahani zao, wengine na pesa, wengine na ahadi, na ahadi hizo mwenzetu alikuwa akiziandika kwa chaki nyuma ya mlango wa jikoni: kijiti kimoja kwa kila shilingi kumi, na alama ya kila nyumba aliijua mwenyewe. Hesabu hiyo haikuwahi kukosea kwa muda wa miaka kumi na moja, mpaka Ramadhani moja kijana wetu wa kwanza, kwa nia njema kabisa ya kuipamba nyumba kwa ajili ya Idd, akaupaka mlango rangi pande zote mbili. Tulirudi tukamkuta mama yake amekaa juu ya kigoda anautazama mlango mpya. Hakusema neno. Kesho yake alituma mtu dukani akanunuliwa daftari.

Hilo likawa daftari la pili la nyumba yetu. La kwanza lilikuwa na sababu nyingine, na sababu hiyo ndiyo tunayotaka kuieleza.

Siku ya Ijumaa, tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka asubuhi karibu na gati ikiwa imejaza watu kupita kiasi, wengi wao wakienda kazini kisiwani. Walikufa watu 272. Wiki ile mtu wa Mtongwe au Likoni alitoka matanga haya akaingia yale bila ya kubadilisha kanzu, na makaburini wachimbaji walipokezana majembe tangu asubuhi hadi jioni.

Kaka yetu mkubwa alikuwa humo. Alikuwa fundi cherehani, amekodi chumba cha kazi mjini, na Idd Kubwa ilikuwa imebaki wiki tatu hivi. Wenye kuzijua kazi za mafundi watafahamu maana ya wiki tatu kabla ya Idd: vitambaa vya watu vimejaa hadi dirishani, nusu ya malipo imekwisha kupokewa, na fundi halali. Mwili wake ulipatikana siku ya pili, tukamzika. Aliacha mke mwenye mimba ya miezi mitano. Daftari lake la kazi alikuwa nalo mfukoni.

Baba alipokifungua chumba kile alikuta kanzu zimekatwa hazijashonwa, magauni yenye mkono mmoja, na mafungu ya vitambaa yaliyotiwa alama za chaki ambazo msomaji wake alikuwa amekwisha kuzikwa. Baba alikuwa kuli bandarini, hakujua hata kutunga uzi katika sindano. Aliomba ruhusa kazini, akakaa juu ya kiti mlangoni pa chumba kile siku tisa, tangu asubuhi mpaka Alasiri, akiwangojea wenye mali. Sisi tulikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, tukikaa karibu naye na kuandika.

Yale tuliyoyaona siku tisa hizo ndiyo yaliyotufunza elimu ya madeni, zaidi ya vitabu tulivyovisoma baadaye. Mama mmoja alikuja na kipande kidogo cha kitambaa chake, alichokuwa amekibakisha kwa ajili ya kutafutia vifungo. Kikalinganishwa, rangi ikaafikiana na maua yakaungana, akapewa fungu lake akaondoka analia. Mwingine alidai mita sita za hariri ambayo hatukuiona mahali popote. Bwana mmoja alisema amelipa pesa zote, wala hakuwa na karatasi. Baba alimsikiza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Mimi siwezi kusema wewe mwongo, na mwanangu hawezi tena kusema ni kweli." Walikubaliana akalipwa nusu, na nusu akaisamehe. Wako waliokuja kutoa rambirambi wakayasahau makusudi mafungu yao. Na ilipopita miaka miwili, kijana mmoja tusiyemjua alibisha hodi nyumbani akatoa Sh300, akasema alikuwa akidaiwa na marehemu na amekuwa akitutafuta tangu wakati ule.

Hapa pana jambo ambalo kina mama wapaswa kulijua, maana ndio wanaobaki na chumba baada ya fundi kufa. Kitambaa cha mteja si mali ya maiti. Ni amana, na hurudi kwa mwenyewe kabla ya kuhesabiwa chochote, wala hakiingii katika urathi. Malipo ya mbele, kwa kazi isiyofanywa, hayo ni deni, na hutoka katika mali ya maiti. Vitu viwili hivi vikichanganywa, warithi hula haki za watu nao wadhani wala halali yao.

Likazuka na la cherehani. Jamaa zetu wengine waliihesabu kuwa mali ya marehemu, kwani ni nani asiyemwona akiitumia miaka yote hiyo? Mjane akasema, kwa sauti ndogo, naye yumo edani, kwamba mashine ile alipewa yeye na baba yake siku ya harusi, na mumewe aliitumia kwa idhini yake. Hakukuwa na maandishi. Pakawa na maneno ambayo hatutayarudia, kwa kuwa waliosema wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Bahati njema baba yake alikuwa hai, naye alikuja na mtu aliyekuwapo siku ilipoletwa, na cherehani ikarudi kwa mwenyewe. Lau baba yule angekuwa amekufa, mashine ingegawanywa mafungu na mwenyewe akapewa thumuni ya kitu chake.

Mtoto alizaliwa mwezi wa Agosti, msichana. Kina mama wa mtaani walishikilia kuwa mjane akamilishe miezi minne na siku kumi, nayo ilikuwa bado. Baba aliwapelekea salamu kwa upole kuwa eda ya mwenye mimba hukoma kwa kujifungua, nayo imo katika Suratut Talaq. Mali nayo ilikuwa imengojea, kwa sababu mtoto aliye tumboni ni mrithi kama aliyekaa mkekani, na wanazuoni huisimamisha sehemu yake mpaka azaliwe ajulikane ni nani.

Kabla mwaka haujaisha baba alinunua daftari la kurasa 96, akaanza kuandika. Kila alichokopa na kila alichokopesha, kila amana iliyowekwa kwake, na vitu vya nyumbani, kipi chake na kipi cha mama. Alilitia katika sanduku la nguo, si mfukoni. "La mfukoni huzama," alisema, nasi hatukumwuliza zaidi.

Agosti 1997, yalipotokea yale ya Likoni, watu walikimbia na nguo walizovaa. Majirani zetu wa bara wengine walikwenda kujisitiri kanisani, wengine wakapanda magari ya kwenda kwao na hawakurudi, na vyeti vyao na risiti zao za ardhi zikateketea pamoja na nyumba. Baba alitoka na daftari lake limefungwa kwa kanga ya mama. Jirani mmoja aliyerudi baada ya miezi kadhaa alikuta ndani yake imeandikwa kuwa aliacha kwetu Sh1,200 na baiskeli. Hakuwa akiikumbuka hata hiyo baiskeli.

Baba alifariki 2008. Tulipolifungua daftari lake tulikuta hata nyundo ya jirani imeandikwa. Lakini yeye alisoma chuo, hakusoma skuli, na Kiswahili chake alikiandika kwa harufi za Kiarabu, kama walivyoandikiana barua wazee wa rika lake. Ilituchukua jioni mbili kulisoma, tukitafsiri kwa sauti huku ndugu zetu wakisikiliza. Mwenzetu alikuwa ameketi pembeni akichambua mchele. Usiku ule, watoto walipokwisha kulala, alisema, "Na wewe, Maalim, ukiandika kwa harufi hizo hizo, mimi nitalipeleka kwa nani nisomewe?"

Swali hilo lilikuwa na haki yake. Tangu siku hiyo daftari letu huandikwa kwa harufi ambazo mwenye kubaki anaweza kuzisoma.

Ndugu msomaji, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu haikushuka juu ya vita wala juu ya Peponi na Motoni. Ni aya ya 282 ya Suratul Baqara, nayo yaamrisha kuandika deni, ikaeleza mwandishi awe vipi na mashahidi wawe wangapi, na ikakataza kuchoka kuandika, liwe deni dogo au kubwa. Na katika Hadithi aliyoipokea Ibn Umar, iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ametufunza kuwa Muislamu mwenye kitu cha kuusia haimfailii kulala masiku mawili ila wasia wake uwe umeandikwa, uko kwake. Masiku mawili tu. Nasi twaona watu waliofuturu Ramadhani arubaini pamoja na wake zao hawajaandika hata mstari mmoja.

Wanaume huogopa kuonekana hawana kitu, au kuonekana wanacho. Wanawake huogopa jambo jingine. Tulipomwambia mwenzetu kuwa twataka tuketi sote wawili tuandike, aliuweka chini mwiko akauliza, "Wataka kufa?" Tukamwambia twataka kuvuka feri kesho kama jana. Akasema, "Basi vuka. Mambo ya kuandika yaache." Tuliliacha wiki mbili. Kisha mwenyewe akaleta taa na kalamu, jioni ya Alhamisi, akakaa.

Tulianzia paa. Nyumba yetu ilipoezuliwa makuti ikaezekwa mabati, pesa zilitoka kwa bangili zake tatu za dhahabu, alizozivua mwenyewe akatutuma kwa sonara. Kwa hivyo tukaandika: bangili tatu, deni juu yetu. Akatuzuia mkono. "Usiandike deni. Nilikupa." Tukakata mstari. Akanyamaza kitambo, akivunja vunja kijiti cha udi, kisha akasema, "Mbili nilikupa. Ile ya mama yangu nilikukopesha."

Imepita miaka kumi na tisa tumelala chini ya paa lile pamoja, na neno hilo halikuwahi kusemwa. Hakulificha, hakuna aliyeliuliza. Tuliandika: bangili mbili, hiba, bangili moja, ya marehemu mama yake, karadha. Na mkopo wa dhahabu hulipwa kwa dhahabu ya uzani wake, si kwa bei ya mwaka ule, kwa hivyo tukamwuliza uzani, naye akautaja bila ya kufikiri.

Sisi huitwa mara kwa mara kusuluhisha mirathi, Likoni na ng'ambo, na kama tungeulizwa ni kitu gani kimezifarakanisha nyumba nyingi zaidi, tungejibu kuwa ni dhahabu ya mke iliyoingia katika ukuta wa mume. Mume hufa. Mke husema nyumba ni yangu nusu. Ndugu wa mume husema hatuna habari. Wote wawili huwa wakweli kwa kadiri ya wanavyojua, na aliyejua yote yumo kaburini. Mke akitoa mali yake kwa mumewe, ni zawadi, au ni mkopo, au ni ushirika katika nyumba; hukumu zake ni tatu mbali mbali, na tofauti yake ni neno moja la wakati wa kutoa. Neno hilo ligharimu nini kuliandika?

Kuna na mahari. Kwetu Pwani ni desturi sehemu ilipwe mkononi na sehemu ibaki juu ya mume, kisha huja watoto, huja ada za skuli, na mahari ile husahauliwa kama kwamba ililipwa. Haikulipwa. Ni deni kamili kama deni la duka, na mume akifa hutolewa kabla warithi hawajagusa kitu. Na tupige hesabu, kwa kuwa hesabu hufahamisha kuliko mawaidha. Mtu ameacha mke, mama, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike, na mali yake yote ni Sh600,000. Mazishi yamechukua Sh20,000. Anadaiwa dukani Sh60,000. Mahari aliyobakisha ni Sh40,000. Baada ya hayo hubaki Sh480,000. Mke, kwa kuwa yuko na watoto, hupata thumuni, Sh60,000. Mama hupata sudusi, Sh80,000. Zilizobaki ni Sh340,000, mwana wa kiume hupata fungu la mabinti wawili, yaani Sh170,000, na kila binti Sh85,000. Mke basi huondoka na laki moja, 60,000 za urathi na 40,000 zake za mahari.

Sasa chukua watu hao hao na mali hiyo hiyo, lakini hakuna aliyeiandika mahari wala shahidi aliyehai. Hugawanywa Sh520,000, na mke hupata thumuni yake, Sh65,000. Amepoteza Sh35,000, na hakuna mwizi aliyeingia nyumbani.

Wasia ni mlango mwingine. Haupiti thuluthi ya mali, wala hauandikiwi mrithi ila warithi wenzake wakiridhia, kwa hivyo asiyeandika akitumaini kumpendelea mmoja wa wanawe huwa hajakosa kitu. Na ikiwa watu hawakuelewana, kwetu Kenya mahakama ya Kadhi husikiza ndoa, talaka na mirathi kwa mujibu wa kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010, pande zote zikiwa ni za Waislamu na zimeridhia kwenda huko. Lakini Kadhi naye hutaka mashahidi. Mstari wa daftari ulioshuhudiwa na watu wawili waadilifu hupunguza safari nyingi za mahakamani. Mstari ulioandikwa kwa siri huzua swali lake wenyewe.

Watu wa bara hushangaa wakisikia kuwa mtu wa Mombasa aweza kumiliki nyumba asimiliki ardhi iliyosimamia. Sisi twalijua hilo tangu utotoni: kuta zako, mlango wako, mnazi wako, na kila mwezi kodi ya ardhi kwa mwenye shamba. Mjane asiyejua kodi hulipwa kwa nani, wala risiti za mwisho ziko wapi, hugongewa mlango akaambiwa anadaiwa ya miaka. Na wale wenzetu wa shamba la Waitiki hapa Likoni, ekari 930, waliopewa hati mwanzoni mwa 2016, wajiulize hati iko katika jina la nani, na iko katika kabati lipi, na mke aijua kabati hiyo? Twasema hivi kwa kuwa tumekwisha kuona hati ikitafutwa ndani ya magodoro.

Simu nayo tusiisahau. Zamani pesa za mtu zilikuwa chini ya mto wake. Siku hizi ziko katika simu, na simu ina namba ya siri, na mwenye namba amezikwa nayo. Si lazima umwambie mkeo namba. Andika tu kuwa kuna akaunti fulani na chama fulani na sako fulani, apate pa kuanzia.

Na kina mama nao wana mali, tena mara nyingi kuliko wanavyokiri. Mwenzetu, daftari lake la mahamri lilipozinduliwa baada ya ule mlango kupakwa rangi, lilianza na majirani, likaingia chama cha kina mama, kisha likaingia mkufu alioazimwa na dada yake wa Kisauni kwa harusi ya 2011 ambao haujarudi mpaka leo. Tulimwuliza kama tumkumbushe shemeji. Akasema, "Usimkumbushe. Andika tu."

Nyumbani kwetu sasa jambo hili limekuwa kama la kukata kucha. Mara moja kwa mwezi, Alhamisi baada ya Isha, watoto wakiwa wamelala au wajifanya wamelala, daftari mbili hutolewa. Mara nyingine kazi yote huwa ni mistari miwili na birika moja la chai ya tangawizi. Mara nyingine huibuka jambo, tukagombana kidogo, tukapatana. Twakiri kwamba katika ndoa ya zaidi ya miaka ishirini na mitano, saa hiyo moja ya mwezi ndiyo tuliyofahamiana ndani yake zaidi. Mke husikia mumewe anadaiwa na nani, na kwa hivyo hufahamu kwa nini wiki ile hakula. Mume husikia kwamba zile nguo za Idd hazikutoka katika pesa za matumizi.

Mama yetu bado yuko nasi, Mwenyezi Mungu amzidishie afya. Tangu 1994 akivuka feri hufumba macho, na tasbihi haimtoki mkononi mpaka asikie mlango wa feri umegusa nchi kavu. Lile daraja la kuelea la Liwatoni lilipofunguliwa 2021 ulipoanza, ijapokuwa ni kwa saa chache tu za asubuhi na jioni, alituamuru tumpeleke. Alivuka kwa miguu yake, tumemshika mkono, akapumzika mara mbili, na katikati ya maji akasimama akatazama upande wa Mtongwe. Tulidhani atasema neno juu ya kaka. Alisema kuwa amekumbuka hajamlipa muuza samaki wa Jumanne, tumwandikie.

Yule mtoto wa Agosti aliolewa miaka michache iliyopita. Baba yake hayupo, babu yake hayupo, wala hana kaka. Walii wake ni sisi. Kabla ya kutoa idhini yake alituita chumbani. Cherehani ya mama yake ilikuwa pale pembeni imefunikwa kitambaa, kwani naye ni fundi. Akasema, "Ami, ile sehemu ya mahari itakayobaki, naomba iandikwe katika daftari lake, na mimi nione ikiandikwa."

Kijana hakuwa na daftari. Tulimtuma mwanetu dukani, akaja na moja la kurasa 96, na mstari wa kwanza ukaandikwa pale pale barazani, karatasi za ndoa zikiwa bado mkekani: mahari Sh80,000, mkononi Sh30,000, deni Sh50,000. Mashahidi wawili wakatia saini. Mwaka jana alikuja nalo kutuonyesha. Mstari umekatwa kwa rula, na chini yake mkewe ameandika kwa mkono wake kuwa amepokea zote, na tarehe.